Fundi Hakupatikana kwa Simu

Igihozo: Haloo? Naongea na nani? Hii namba siijui.

Mukamusoni: Ni mimi.

Igihozo: Mimi nani?

Mukamusoni: We Igihozo! Mama yako nilimubeba mgongoni, na we nikakubeba, leo unaniuliza mimi nani? Ni bibi yako Mukamusoni.

Igihozo: Yoo, Bibi! Nisamehe. Umenunua simu mpya?

Mukamusoni: Mpya ya wapi. Yangu unite za kupiga zimeisha. Hii nimeazima.

Igihozo: Kwa nani?

Mukamusoni: Kwa mutu.

Igihozo: Mtu gani?

Mukamusoni: Mutu tu, wa hapa Mahoko sokoni. Sikia, mama, niko na haraka—

Igihozo: Wewe una haraka? Bibi, wewe maharage unayachambua moja moja na kila moja unalisalimia.

Mukamusoni: Leo niko na haraka. Ile habari yako ya gazeti la chuo, ile ulinitumia kwa simu, nimeisoma.

Igihozo: Yote? Mwenyewe?

Mukamusoni: Kwa kidole. Nimeanza wakati wa chai, nimemaliza jua iko mulangoni. Maneno marefu nilikuwa nayakata kama muwa.

Igihozo: Na? Imekaaje? Iko ukurasa wa kwanza, Bibi! Ukurasa wa kwanza! Kimenyi, mhariri wetu, anaipeleka kwa mchapaji saa sita.

Mukamusoni: Saa sita ya leo?

Igihozo: Ya leo. Bado nusu saa hivi.

Mukamusoni: Mungu wangu. Bon. Itoe.

Igihozo: [mtandao unakwaruza] Bibi, sijasikia—

Mukamusoni: Umesikia. Ile habari, itoe.

Igihozo: Niitoe! Bibi, unajua mwaka mzima nimeandika nini kwenye hilo gazeti? Vitu vilivyopotea. Funguo zimeokotwa, mwenyewe afike ofisini. Mwavuli mweusi umeokotwa. Mwavuli mwingine mweusi umeokotwa. Leo nimepata habari yenyewe, yenye mwizi ndani yake, halafu—

Mukamusoni: Punguza sauti!

Igihozo: Kwa nini? Wewe uko Mahoko, mimi niko chuoni huku Gisenyi. Nani atanisikia?

Mukamusoni: Punguza tu.

Igihozo: Na hiyo sauti kwako ni ya nini? Trrr, trrr.

Mukamusoni: Moto inapita.

Igihozo: Pikipiki gani inalia kama cherehani?

Mukamusoni: Ni moto mubovu. Sikia, mama. Ile habari—

Igihozo: Ile habari ni yako, Bibi! Nimeipata kwako! Ulisema Jumanne ulikuwa kwenye foleni ya bariyeri ndogo ya mpakani na karoti zako, unangoja kuvuka Goma, ukamwona fundi—

Mukamusoni: Usitaje jina!

Igihozo: —ukamwona fundi anavuka na gunia la vitenge vya harusi ya dada yangu Umurerwa. Vitenge kumi na viwili, vya mashangazi wote pamoja na wewe. Saa kumi ukamwona anarudi mikono mitupu. Ukaniambia, "Ameviuza."

Mukamusoni: Nilisema labda.

Igihozo: Hukusema labda.

Mukamusoni: Nilisema kwa macho.

Igihozo: Tulikuwa kwenye simu, Bibi!

Mukamusoni: Basi. Na mimi kwanza umeniandika vibaya. Umeandika niko na miaka sabini na tisa.

Igihozo: Si ndiyo?

Mukamusoni: Sabini na ine! Mitano umenipa ya nini? Nilikuomba?

Igihozo: Hata hivyo jina lako halipo. Hakuna atakayejua ni wewe.

Mukamusoni: Hakuna? Umeandika "muuza karoti wa bariyeri ndogo, avaaye koti la mvua la njano hata jua likiwaka." Wako wangapi, Igihozo?

Igihozo: Wapo... wengine.

Mukamusoni: Taja mumoja.

Igihozo: Yule... ngoja nikumbuke.

Mukamusoni: Niko nangoja.

Igihozo: Sawa, koti nitalitoa. Lakini fundi sikumtaja kabisa, kisheria niko salama. Ngoja nikusomee. "Fundi mmoja wa soko la Mahoko, mwenye jino la dhahabu, anayeshona huku akiimba kaswida na kukosea maneno—"

[Trrr inanyamaza.]

Mukamusoni: Yewe! Nani alikutuma usome kwa sauti?

Igihozo: Nakusomea wewe! Heh, ile pikipiki mbovu imezimika?

Mukamusoni: Imezimika.

Igihozo: Afadhali. Sasa nakusikia vizuri.

Mukamusoni: Imezimika kabisa, mama. Bon. Imekuwa. Soma sasa.

Igihozo: Nisome? Si umesema—

Mukamusoni: Soma yote. Usiache kitu. Lakini polepole, nikikuuliza unijibu.

Igihozo: Haya. Kichwa cha habari: "Je, Fundi Ni Mwizi?" Umeona hapo nilivyojilinda? Nimeweka alama ya kuuliza. Mtu akiuliza hajasema.

Mukamusoni: Mi nikisimama katikati ya soko hili nikauliza kwa nguvu, "Je, Igihozo iko na mimba?" Nimesema ama sijasema?

Igihozo: Bibi!

Mukamusoni: Niko nauliza tu.

Igihozo: Hapo kuna watu?

Mukamusoni: Iko watu. Wamegeuka. Endelea.

Igihozo: Ayii. "Inasemekana fundi huyo huvusha vitenge vya wateja na kuviuza Goma." Umesikia, inasemekana. Nimeiweka mara nne.

Mukamusoni: Nani anasema?

Igihozo: Wewe.

Mukamusoni: Na mwingine?

Igihozo: Wewe tena. Mara nne zote ni wewe.

Mukamusoni: Basi andika "Mukamusoni anasema," tuone kama itakuwa na nguvu ileile. Na umeandika "vitenge vya wateja," kama vile anafanya kila wiki. Mi nilimuona mara moja. Na sikumuona uso. Niliona mugongo na gunia.

Igihozo: Mgongo tu?

Mukamusoni: Mugongo tu, na kofia. Nilikuwa nyuma yake watu thelathini.

Igihozo: Lakini uliniambia kwa macho yako!

Mukamusoni: Si kwa macho yangu niliona mugongo?

Igihozo: [anapumua] Sawa. Hata kama umekosea, uliyesema ni wewe. Mimi nimekunukuu. Mwalimu Bizumuremyi ametupa karatasi nzima ya mambo haya ya kashfa, ninayo hapa mezani, ngoja nikuonyeshe kuwa... hapa... "Kashfa ni neno linalomshusha mtu mbele ya wengine." Ndiyo. "Si lazima jina litajwe, yatosha wanaomjua wamtambue." Mh.

Mukamusoni: Mh nini?

Igihozo: Hakuna. "Aliyelirudia neno la mwingine gazetini hujibu kama yule aliyelisema." Aa.

Mukamusoni: Aa nini?

Igihozo: Hilo swali lilitoka kwenye mtihani. Nililikosa.

Mukamusoni: Ulipata ngapi kwa ule mutihani?

Igihozo: Kumi na moja kwa ishirini.

Mukamusoni: Zile tisa ulikosa njo hizi umeandika ukurasa wa kwanza.

Igihozo: Bibi, ngoja! Kuna kinga moja kubwa, hii niliipata. Ukweli! Kama niliyoandika ni kweli, fundi hata akinishtaki hanishindi.

Mukamusoni: Na nani anatafuta kama ni kweli? Yeye ama we?

Igihozo: Mimi. Niliyeandika ndiye ninayepaswa kuthibitisha.

Mukamusoni: Utathibitisha na nini? Na gunia?

Igihozo: Na wewe ukisimama mbele ya hakimu—

Mukamusoni: Mbele ya hakimu nitasema mugongo. Mi siongezi kitu mbele ya hakimu.

Igihozo: Kwenye simu uliongeza!

Mukamusoni: Kwenye simu tulikuwa tunapiga stori, Igihozo! Muke mwenzangu, sisi tukikaa wawili tunasema watu, tangu uko mutoto. Tunamusema pasta, tunamusema shehe, tunamusema mama yako. Tukimaliza tunafunika. Sikujua siku hizi uko na kitu cha kuchapa.

Igihozo: [mtandao unakwaruza]

Mukamusoni: Uko?

Igihozo: Niko. Lakini vitenge viko wapi basi, Bibi? Harusi ni Jumamosi.

Mukamusoni: Viko hapa. Kumi na mbili, nimehesabu mara mbili. Alivipeleka kwa mudogo wake Habib kule Goma, iko na mashine ya broderi, ile inashona maua. Jumatano Habib akavirudisha. Vyote viko na maua kwenye shingo. Ya kwangu iko na maua na ndege.

Igihozo: Ndege!

Mukamusoni: Ndege mbili. Ni Umurerwa alilipa, akamuambia asituambie, tushangae siku ya harusi. Basi mi nimeshangaa leo.

Igihozo: Mana we. Kwa hiyo hakuna mwizi.

Mukamusoni: Hakuna. Iko fundi na dada yako.

Igihozo: Ngoja. Umesema viko hapo. Hapo wapi? Bibi, uko wapi?

Mukamusoni: Maliza kwanza kusoma.

Igihozo: Umebaki mstari wa mwisho tu, si kitu.

Mukamusoni: Usome.

Igihozo: "Mwandishi wa habari hizi alimtafuta fundi huyo mara kadhaa kwa simu ili ajibu tuhuma hizo, lakini hakupatikana."

Mukamusoni: Ulimutafuta?

Igihozo: Huo mstari kila mwandishi anauweka, Bibi. Lazima umpe mtu nafasi ya kujibu, kwa hiyo—

Mukamusoni: Mara kadhaa ni mara ngapi?

Igihozo: Ni... kadhaa.

Mukamusoni: Namba yake uko nayo?

Igihozo: Sina.

Mukamusoni: Sasa ulimupigia na nini? Na kijiko?

Igihozo: Basi, huo mstari nautoa.

Mukamusoni: Igihozo. Angalia namba iko mbele ya macho yako, hii tunaongea nayo.

Igihozo: Ninaiona.

Mukamusoni: Njo namba yake.

Igihozo: Ya nani?

Mukamusoni: Ya fundi Mudathiru. Nimekuja kujaribisha gauni, nimeona vitenge, roho ikaruka, nikakumbuka ile habari yako, nikamuomba simu haraka haraka. Iko hapa miguuni kwangu, anapima pindo.

Igihozo: [mtandao unakwaruza] Bibi. Bibi, niambie simu umeiweka sikioni.

Mukamusoni: Simu yake spika ya sikio ilikufa. Inasema kwa nje tu. Mi nimejua wakati umesema haloo.

Igihozo: Kwa hiyo amesikia kuhusu jino?

Mukamusoni: Jino, kaswida, mwizi, yote. Na unite ni zake. Dakika zote hizi umemutukana, yeye njo alilipa.

Igihozo: Ayii, nimekufa! Kwa nini hasemi kitu?

Mukamusoni: Iko na pini kwenye mudomo.

Igihozo: Tangu mwanzo?

Mukamusoni: Tangu mwanzo. Saba. Saa ngapi kwako?

Igihozo: Sita kasoro— Bibi! Kimenyi hayupo kwenye meza! Alikuwa hapa sasa hivi! Flash imeondoka!

Mukamusoni: Flash ni nini?

Igihozo: Ndiyo yenye gazeti! Amekwenda kwa mchapaji!

Mukamusoni: Sasa unaniambia mi ju ya nini? Kimbia!

Igihozo: Nakimbia! [viatu, mlango] Samahani! Samahani, mwalimu! Bibi, usikate!

Mukamusoni: Sikati. Kimbia, mama. Hili gazeti Jumatano linafika sokoni, wauzaji wanafungia karanga, kila mutu anasoma huku anatafuna. Kimbia!

Igihozo: [anahema] Ngazi—

Mukamusoni: Baba yake fundi alishona kwenye hiki kibanda miaka thelathini, Igihozo. Thelathini. Hakuna mama aliwahi kuhesabu kitambaa chake mbele yake.

Igihozo: [anahema] Namwona! Yuko getini! Anavaa helmeti! Kimenyi! Kimenyi-i! Shuka! Shuka kwenye pikipiki! Dereva, usiwashe! Bibi, hanisikii, amevaa helmeti!

Mukamusoni: Mugonge!

Igihozo: Nimgonge mhariri?

Mukamusoni: Juu ya helmeti, haumii!

Igihozo: [ko, ko, ko] Kimenyi, ni mimi! Rudisha flash! Habari ya fundi si kweli! ... Si kweli hata kidogo! ... Ndiyo, najua niliapa! ... Niliapa mgongo wa mtu, Kimenyi, nitakueleza! ... Bibi. Ameshuka.

Mukamusoni: Alhamdulilahi. Fundi, ameshuka. Fundi amekaa chini.

Igihozo: Kimenyi anasema mchapaji anatungoja, ukurasa wa kwanza utabaki mweupe. Anauliza tuweke nini.

Mukamusoni: Weka miavuli.

Igihozo: Bibi, tafadhali.

Mukamusoni: Ngoja, ngoja. Anatoa pini. Moja. ... Mbili. ... Anazichomeka kwenye kola yake, pole pole. ... Tatu.

Igihozo: Amekasirika?

Mukamusoni: Huyu ukimuangalia hujui. ... Saba. Anasema kitu. [sauti ya mwanamume kwa mbali] Umesikia?

Igihozo: Mtandao! Amesemaje?

Mukamusoni: Anasema jino si la dhahabu. Ni la shaba. Anasema kama unamuandika, muandike vizuri.

Igihozo: Mwambie... ananisikia?

Mukamusoni: Anakusikia, usipige kelele.

Igihozo: Fundi Mudathiru, shikamoo. Nisamehe. Nilitaka sana ule ukurasa. Nilikuandika bila kukuuliza, na ule mstari kwamba nilikutafuta, niliutunga. Nisamehe, baba.

Mukamusoni: Anatingisha kichwa.

Igihozo: Kwa ndiyo au kwa hapana?

Mukamusoni: Bado anatingisha. ... Anasema kaswida hakosei maneno. Anaimba zile za babu yake wa Tabora, we njo huzijui.

Igihozo: Sawa. Nitaandika za Tabora.

Mukamusoni: Na mi kuna kitu nataka kujua. Nilisema mbele ya watu, gauni la Idi alilonishonea mikono inabana. Ile nayo ni kashfa?

Igihozo: Ile ni maoni yako, Bibi, na gauni lipo, watu wanaliona. Maoni ruksa.

Mukamusoni: Umesikia, fundi? Ruksa. [sauti ya mwanamume kwa mbali] Heh! Huyu mutu! Anasema gauni halibani, ni mi nimenona! Igihozo, hiyo je? Hiyo ni kashfa? Nimushitaki?

Igihozo: Bibi... umenona?

Mukamusoni: Kidogo.

Igihozo: Ukweli ni kinga, Bibi.

Mukamusoni: Ndio maana ulikosa tisa!

[Ti! Ti!]

Igihozo: Hiyo nini?

Mukamusoni: Unite zake zinaisha.

Igihozo: Bibi, na wewe umemwomba msamaha? Si wewe ulianza?

Mukamusoni: Nimemuomba wakati unapanda na kushuka ngazi.

Igihozo: Sikusikia. Ulimwambia nini?

Mukamusoni: Ile si ya gazeti.

Igihozo: Lakini, Bibi—

Mukamusoni: Si ya gazeti, nimesema. Haya, muhariri wako anangoja. Kama unataka ukurasa, iko hapa mutu anavuka bariyeri na gunia watu wote wakimuangalia mugongo, anarudi mikono mitupu, kesho yake maua yanafika kwenye shingo za mashangazi wako. Lakini ungoje Jumamosi ipite, dada yako asituue. Leo weka—

[Ti! Ti!]

Igihozo: Leo niweke nini? Bibi?

Mukamusoni: Muulize mwenyewe! Namba yake sasa uko nayo, na upige na unite zako, si—

[Simu imekatika.]

Igihozo: Haloo? Bibi? Haloo!

[Simu inaita. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.]

Igihozo: Haloo? Habari za saa hizi. Naitwa Igihozo, mwandishi wa gazeti la wanafunzi. Namtafuta fundi Mudathiru, kama anapatikana.

Mukamusoni: Anapatikana, mama. Ila ngoja kidogo, pini zimerudi kwenye mudomo.